PUMU KAZINI: MFICHA MARADHI ASIACHWE AFE

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati yetu ya afya na usalama katika mkutano wa tawi. Tunayachapa hapa kwa faida ya wanachama waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Tumezoea katika mikutano yetu kusema habari za mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Leo twaomba nusu saa tuseme habari ya pumzi. Mshahara hata uongezwe namna gani, haumfai mtu aliyekosa pumzi. Na katika viwanda, karakana na mashamba wamo wenzetu ambao kifua huwabana, nao hawasemi. Hatuyasemi haya ili kuwatia watu hofu. Twayasema kwa sababu pumu ni ugonjwa ambao mtu wa kawaida, asiye daktari wala muuguzi, aweza kumsaidia mwenzake akapona, akijua la kufanya katika dakika kumi za kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi zenye mapato madogo, kama hizi zetu. Huku kwetu mara nyingi ugonjwa haujulikani mapema, dawa hazipatikani daima, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amechelewa. Basi neno letu la leo ni hili moja: pumu huua kwa kucheleweshwa, na kazini kinachoichelewesha ni kuificha.

PUMU NI KITU GANI

Ndani ya kifua mna mirija ya kupitisha hewa, mikubwa kwa midogo, inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mtu mwenye pumu mirija hiyo huudhika upesi. Ikikutana na vumbi, moshi, baridi, mafua au harufu kali, mambo matatu hutokea. La kwanza, misuli midogo inayoizunguka mirija hukaza. La pili, ngozi ya ndani ya mirija huvimba. La tatu, makohozi mazito huijaza. Njia ya hewa ikawa nyembamba kama mpira wa maji uliokanyagwa. Hewa huingia kwa shida, na hutoka kwa shida zaidi. Ndiyo sababu kifua cha mgonjwa hulia kama mluzi anapotoa pumzi.

Yafaa tuyakumbuke hayo mambo matatu, maana yatatufaa tutakapofika kwenye habari ya dawa.

Pumu haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kunywa katika kikombe cha mwenzako wala kwa kulala naye chumba kimoja. Si kurogwa. Wala si kifua kikuu, ingawa kikohozi chaweza kufanana. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi, tena anakonda na kutokwa na jasho usiku, aende akapimwe kifua kikuu bila kungoja, asijiambie kwamba ni pumu tu.

Jambo jingine: pumu huja na kwenda. Jana mtu alipakia magunia mchana kutwa, leo hawezi kupanda ngazi. Nyapara asiyejua humwita mvivu. Ndugu zetu, asiitwe mvivu mtu ambaye ndani ya kifua chake njia ya hewa imebaki nyembamba kama mrija wa kunywea soda.

KWA NINI TWAIFICHA

Tuseme kweli. Mfanya kazi huficha pumu kwa sababu anaogopa kufutwa. Kibarua wa siku huogopa zaidi, maana kesho asubuhi mlangoni hatachaguliwa. Mwingine huona haya. Adhani wenzake watamcheka wakimwona na pampu ya kuvuta mdomoni, ile ambayo wengi huiita inhela. Na wako walioambiwa kwamba mtu akianza pampu hawezi kuiacha tena, kama mlevi na pombe. Hayo si kweli. Dawa ya pampu haimfungi mtu. Ugonjwa wenyewe ndio unaodumu, na dawa huutuliza.

Tazameni matokeo ya kuficha. Pampu huachwa nyumbani. Au hufungiwa kabatini pamoja na nguo za kiraia, na ufunguo uko mbali. Au huachwa kwa askari wa mlangoni. Mtu akibanwa hujitenga, huenda msalani au nyuma ya stoo ili asionekane, na huko hakuna wa kumsaidia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi wa chama hatuwezi kuishia kumlaumu mfichaji. Ni juu yetu kuiondoa sababu inayomfanya afiche. Habari hiyo tutaifikia mwishoni.

JINSI YA KUITAMBUA

Mara nyingi pumu hubisha hodi kabla ya kuingia. Siku moja au mbili kabla, mtu huamka usiku kwa kikohozi. Hutumia pampu yake kuliko kawaida. Huchoka kwa kazi ambayo juzi aliifanya bila taabu. Mwenye dalili hizo asingoje. Amwone daktari kabla hajabanwa.

Ikisha kumshika, kuna alama nne: kikohozi kisichokoma, mluzi wa kifuani, kifua kukaza kama kimefungwa kamba, na pumzi fupi za haraka. Si lazima zote nne ziwepo. Wengine hukohoa tu, hasa usiku na alfajiri.

Twataka kila mmoja wetu ajue kipimo kimoja chepesi kisichohitaji chombo. Mwambie mwenzako ataje kwa pumzi moja jina lake, jina la baba yake, na mahali atokako. Akiyataja yote bila kukatika, bado kuna nafasi. Mpe pampu na umwangalie. Akisema neno moja moja, huku akivuta pumzi kati ya neno na neno, hiyo ni hatari, na gari litafutwe wakati huo huo.

Alama nyingine za hatari ni hizi:

Apumua mara 25 au zaidi kwa dakika moja hali ameketi.
Ngozi ya shingoni na kati ya mbavu yaingia ndani kila avutapo pumzi.
Midomo, ulimi au kucha zimegeuka rangi, zimekuwa za kijivu au za buluu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama ndani ya mdomo na ulimi, usitazame uso.
Amechoka sana, amechanganyikiwa, au aanza kusinzia.
Mluzi wa kifuani umenyamaza, lakini yeye bado ana taabu.

Hiyo ya mwisho tuiseme mara ya pili, maana imewadanganya wengi. Mluzi ukinyamaza na mgonjwa akaweza kusema na kupumua vizuri, amepata nafuu. Lakini mluzi ukinyamaza na mgonjwa bado ahangaika, maana yake hewa haipiti hata ya kupiga mluzi. Hapo ndipo karibu na mauti.

LA KUFANYA: NNE, NNE, NNE

Mtu akibanwa kazini, zima mashine iliyo karibu naye. Mtoe penye vumbi, moshi au harufu, lakini usimtembeze mbali. Mketishe wima, ainame mbele kidogo, mikono yake juu ya magoti au juu ya meza. Mlegeze kola na mshipi. Mtu mmoja abaki naye bila kuondoka. Mwingine aende kutafuta msaada. Aliyebaki aseme kwa utulivu, maana hofu huzidisha kubanwa.

Kisha mpe ile pampu ya kutuliza upesi, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya buluu, na dawa yake yaitwa salbutamoli. Mtikise pampu, mpulizie mara moja, avute pumzi nne. Tikisa tena, mpulizie mara ya pili, avute pumzi nne. Hivyo hivyo mpaka mipulizo minne. Usipulize yote kwa pamoja, maana nyingi itaishia mdomoni.

Ngoja dakika nne ukitazama saa. Asipopata nafuu, mpe mipulizo minne mingine kwa njia ile ile. Akiwa bado hana nafuu, apelekwe hospitali sasa. Na njiani aendelee kupewa mipulizo minne kila baada ya dakika nne mpaka wafike. Kama tangu mwanzo ana alama za hatari tulizozitaja, usingoje hizo dakika. Gari liitwe kwanza, na pampu itumike huku gari likija. Apelekwe ameketi. Mtu asiyeweza kujishika asipakiwe nyuma ya pikipiki kama kuna gari.

Basi shikeni hivi: mipulizo minne, pumzi nne kwa kila mpulizo, dakika nne za kungoja. Moyo wake waweza kwenda mbio na mikono ikatetemeka kidogo kwa ajili ya dawa; hayo hupita. Katika hatari ya namna hii kumnyima dawa ni kubaya kuliko kumzidishia mipulizo michache.

Je, kama hana pampu yake? Kama mwenzake anayo ya buluu, itumike hiyo, ifutwe kisha irudishwe. Akizimia na kuacha kupumua, yule aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze mara moja kumkandamiza kifua, wala asiache mpaka msaada ufike.

CHUPA YA SODA YAWEZA KUSAIDIA

Mtu aliyebanwa sana hawezi kuvuta dawa sawasawa kutoka kwenye pampu peke yake. Hukohoa, na dawa ikagonga ulimi. Kwa hiyo madaktari hutumia chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Dawa hungoja humo ndani, na mgonjwa huivuta polepole. Chombo hicho ni ghali kwa wengi wetu. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika ya Kusini, akiwamo Heather Zar, waliandika katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri, iliwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha kununua.

Hutengenezwa hivi. Chukua chupa safi ya nusu lita, iliyokauka. Kitakoni mwake toboa tundu lenye kipimo sawa na mdomo wa pampu. Ingiza pampu, uzibe pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje. Ile shingo ya chupa ndiyo ya kutia mdomoni. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana ukiisugua dawa hunasa katika plastiki. Chombo hiki chapasa kukaa ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, tayari.

YASIYOFAA

Asilazwe chali. Asipewe mfuko wa karatasi apumulie. Asifunikwe blanketi juu ya sufuria ya mvuke, wala asifukizwe moshi wa majani. Asipewe dawa ya usingizi ili atulie, itampunguzia pumzi. Asipewe pombe. Asizungukwe na umati wa watazamaji. Na tena asiachwe peke yake hata dakika moja, wala asiambiwe akajipumzishe stoo.

Mwenye pumu awe mwangalifu na vidonge vya maumivu. Aspirini, ibuprofeni na dikilofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu. Kadhalika dawa nyingine za moyo na za damu kupanda, kama propranololi. Kila anunuapo dawa amwambie mwuza dawa kwamba ana pumu.

Neno la mwisho hapa: akipata nafuu asirudi mashinini siku hiyo kana kwamba hapakuwa na kitu. Uvimbe wa mirija bado upo, na aweza kubanwa tena baada ya saa chache. Amwone daktari siku hiyo hiyo au kesho yake. Mara nyingi hupewa vidonge vya prednisoloni kwa siku tano mpaka saba. Avimalize kama alivyoagizwa, asiviache kwa kuona amepona.

PAMPU MBILI, KAZI MBILI

Sasa tukumbuke yale mambo matatu: misuli hukaza, ngozi huvimba, makohozi hujaa. Pampu ya buluu hulegeza misuli tu. Uvimbe haiugusi. Ndiyo sababu mtu aweza kuitumia kila siku, akajiona anajitibu, na huku moto unawaka chini ya majivu.

Kuna dawa ya pili, ya kuzuia, ambayo hupunguza uvimbe: beklometasoni, budesonidi na nyinginezo. Mara nyingi pampu yake huwa ya rangi ya kahawia au ya machungwa. Hii haitulizi papo hapo kama ile ya buluu. Hutumika kila siku kama alivyoagiza daktari, hata siku ambayo mtu hana taabu, na nguvu yake huonekana baada ya siku na wiki. Baada ya kuivuta mtu asukutue kinywa kwa maji, asije akapata utando mweupe ulimini. Tena ipo pampu inayochanganya budesonidi na formoteroli, ambayo huzuia na kutuliza kwa pamoja. Tangu mwaka 2019 jopo la wataalamu wa pumu wa dunia, ambalo hutoa mwongozo kila mwaka, limeshauri kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Basi kila mwenye pumu ajihesabu. Ukiitumia pampu ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijashikwa. Pampu moja kwa kawaida ina mipulizo 200. Ukimaliza tatu au zaidi kwa mwaka, uko katika hatari zaidi ya kubanwa vibaya. Ukimaliza kumi na mbili au zaidi, yaani moja kila mwezi, hatari ya kufa imeongezeka. Usingoje, mwambie daktari idadi hiyo kama ilivyo.

Tena, usiitie pampu ndani ya maji kuona kama itaelea. Watu wengi hufanya hivyo, lakini haionyeshi dawa iliyobaki. Andika tarehe uliyoanza, uhesabu mipulizo. Pampu iliyokwisha dawa bado hutoa upepo, na mtu aliyebanwa hudhani amepewa dawa kumbe amepewa hewa tupu.

VUMBI LA KAZI

Kuna pumu ambayo mtu huja nayo kazini, na kuna ambayo huipata kazini. Jambo hili si geni. Mnamo mwaka 1700 daktari Ramazzini wa Italia aliandika kitabu juu ya magonjwa ya mafundi, na humo aliwataja waokaji mikate wanaodhurika na vumbi la unga. Zaidi ya miaka 300 imepita, na unga ungali ukiwabana waokaji na wasaga nafaka. Kadhalika vumbi la mbao kwa maseremala, vumbi la kahawa mbichi kwenye viwanda vya kukoboa, moshi wa kulehemu nyaya, glavu za mpira zenye poda, na rangi za magari za kuchanganya sehemu mbili zenye isosianeti. Na mama anayesafisha sakafu akichanganya dawa ya klorini na asidi ya kusugulia vyoo, hutoka gesi yenye sumu inayounguza mapafu. Vitu hivyo viwili visichanganywe kamwe.

Utaijuaje pumu ya kazini? Jiulize swali moja: siku za mapumziko hali yangu huwaje? Ukiona nafuu siku za mapumziko au ukiwa likizoni, na ukarudi kubanwa ukirudi kazini, shuku kazi. Wengine hubanwa usiku baada ya kazi, wakadhani ni godoro au baridi. Na yaweza kuanza baada ya miezi au hata miaka ya kufanya kazi ile ile bila taabu. Wafanya kazi wa pamba wana ugonjwa wao ulio tofauti kidogo: kifua hukaza siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha hulegea siku zinazofuata. Nao uambiwe daktari.

Daktari aweza kumpa mtu kichombo cha kupuliza ambacho hupima nguvu ya pumzi. Hakitumii umeme. Mtu hupuliza mara nne kwa siku, wiki mbili mpaka nne, siku za kazi na siku za mapumziko, na kuandika hesabu. Karatasi hiyo ni ushahidi mzito mbele ya tajiri kuliko maneno matupu. Na tusichelewe, kwa maana mtu aliyekwisha kuathirika na kitu fulani hubanwa hata na kidogo chake. Na kadiri anavyoondolewa mapema, ndivyo matumaini ya kupona yanavyokuwa makubwa.

Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Dawa ya vumbi ni kulizuia litokako: kufunika mashine, kuweka mitambo ya kufyonza vumbi, kumwaga unga polepole badala ya kuutupa, kufagia kwa maji au kwa mashine ya kufyonza, wala si kwa ufagio mkavu au kwa bomba la upepo. Barakoa ya kweli yafuata baada ya hayo, si badala yake.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya wafanya kazi wake. Penye watu 20 au zaidi, sherti iwepo kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanya kazi aonaye hatari kubwa iliyo karibu aiarifu kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Tena sheria yakataza kumfuta au kumwonea mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Mapatano ya chama yaweza kuzidisha siku hizo, wala hayawezi kuzipunguza. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri awe na dawa za kutosha kwa wafanya kazi wake wanapougua. Na Sheria ya Fidia za Kazini ya mwaka huo huo wa 2007 yahusu magonjwa yaletwayo na kazi pia, si mikono iliyokatwa na mashine tu. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeitaja pumu iletwayo na vitu vya kazini.

TUNAYOYAOMBA KWA KILA TAWI

Tulisema tutarudi kwenye sababu ya kuficha. Mtu ataacha kuficha siku atakapoona kwamba aliyesema hakufutwa. Kwa hiyo twaliomba kila tawi lifanye mambo haya:

Kwanza, pampu ikae mfukoni mwa mwenyewe saa zote za kazi. Tajiri asiruhusiwe kuagiza ifungiwe kabatini au iachwe mlangoni.

Pili, katika kila zamu wawepo watu wawili wanaojua nne, nne, nne, na kila mwenye pumu awachague wawili anaowaamini awaambie. Siri yake isitangazwe ubaoni.

Tatu, katika kila sanduku la huduma ya kwanza iwepo pampu ya buluu ambayo haijapitwa na tarehe, pamoja na chupa iliyotayarishwa. Jambo hili liombwe kwa tajiri kwa barua, na nakala ya barua ibaki kwa katibu wa tawi.

Nne, ijulikane mapema ni gari gani litakalotumika usiku, dereva ni nani, na ni hospitali ipi yenye oksijeni. Mambo haya hayatafutwi wakati mtu anabanwa.

Tano, mwanachama akifutwa au akinyimwa kazi kwa sababu ya pumu, mjumbe wetu alete habari hiyo ofisini siku hiyo hiyo, na majina ya mashahidi. Naye kibarua wa siku aletwe vile vile, hata kama hajalipa ada. Mapafu ya kibarua hayana tofauti na ya mwajiriwa wa kudumu.

Ndugu wanachama, kabla hatujaondoka hapa, twamwomba kila mtu amgeukie aliye karibu naye amwambie zile nne tatu. Mipulizo minne. Pumzi nne kwa kila mpulizo. Dakika nne. Asiyezijua aulize sasa, asione haya. Na wewe mwenye pumu unayetusikiliza ukiwa umenyamaza: zamu ijayo njoo na pampu yako mfukoni, umwambie mwenzako mmoja. Chama kitasimama nawe.